Pikipiki ya pwani na chumvi ya bahari: namna ya kuzuia kutu

Kusi likianza kuvuma, maswali huwa yaleyale. Pikipiki ina miezi minane tu, mbona spoku zimeshika kutu? Nipige oili chafu au dizeli? Nikiiosha kila siku si ndiyo nitaiozesha? Mwongozo huu ni wa anayelaza pikipiki yake karibu na bahari, iwe Malindi, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, Unguja, Pemba au Mtwara. Umeandikwa kwa pikipiki za kazi za cc 100 hadi 150, yaani Boxer, TVS na nyingine za aina hiyo, zenye kabureta, spoku na breki za ngoma. Mwenye kubwa zaidi atafuata hatua zilezile.

Nadharia yenyewe ni fupi. Chumvi iliyonata kwenye chuma hunyonya unyevu wa hewani. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe ikawa maji, na ya bahari huanza mapema zaidi kwa sababu ina magnesi ndani yake. Usiku wa pwani hufika kiwango hicho karibu kila siku. Kwa hiyo pikipiki unayoiona kavu asubuhi ina utando wa maji ya chumvi usioonekana, na utando huo hausubiri mvua ili ule chuma. Ndiyo maana chini ya madigadi, nyuma ya injini na chini ya tangi huoza kabla ya sehemu za juu: juu mvua husafisha, huko chini haifiki.

Hapo ndipo unapotoka mpangilio usiovunjwa: chumvi itoke, chuma kikauke, ndipo mafuta yapakwe. Anayepaka mafuta juu ya chumvi ameifungia ndani.

Vitu vya kuandaa

- Maji yasiyo na chumvi, dumu moja la lita 20. Chumvi yake usiikadirie kwa macho. Namna ya kuipima iko hapa chini.
- Shampuu ya kuoshea magari, mililita 30 hadi 50 kwa ndoo ya lita 10.
- Ndoo mbili, sponji, mswaki wa zamani, brashi ya nywele ngumu na vitambaa vya pamba.
- Mafuta ya taa nusu lita kwa kusafishia cheni, na oili ya gia namba 90.
- Grisi ya boti. Huuzwa na wauza vipuri vya injini za boti, na haioshwi na maji upesi kama grisi ya kawaida. Kopo la gramu 500 hukaa mwaka na zaidi.
- Nta ya gari, ya kopo.
- Mafuta ya mgando ya kujipaka yasiyo na manukato, kwa vichwa vya betri. Kwa soketi zilizo karibu na injini tafuta grisi ya silikoni, maana mafuta ya mgando huyeyuka kwenye joto.
- Bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe.
- Msasa namba 240 na 400, praima ya kuzuia kutu na rangi.
- Oili ya kupuliza ya kulegezea nati.

Kupima maji

Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na sehemu nyingi za kuoshea pikipiki hutumia maji hayohayo. Unalipa pikipiki ioshwe, unarudi nayo nyumbani ikiwa na chumvi nyingi kuliko uliyokwenda nayo. Chukua kipande cha kioo, kipake rangi nyeusi upande wa nyuma au kilaze juu ya kitambaa cheusi. Dondosha tone la maji ya kisima, na pembeni yake tone la maji ya mvua. Acha yakauke juani. Tone la mvua litaacha karibu hakuna kitu. La kisima likiacha duara jeupe nene, maji hayo yatumie kutoa matope tu, kisha suuza kwa maji safi lita 10 kabla hayajakauka. Wakati wa masika kinga maji ya paa kwenye pipa. Hayo ndiyo bora kuliko yote.

Sabuni nayo ichunguze. Sabuni ya maji ya kienyeji, ile inayouzwa kwenye chupa za soda, hukazwa kwa chumvi ya jikoni ili iwe nzito. Mtengenezaji yeyote atakwambia hivyo. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa nta na kufifisha aluminiamu. Kama huna shampuu ya gari, maji safi matupu na brashi vinatosha.

Hatua za kazi

1. Acha injini ipoe, dakika 30 hivi. Maji baridi kwenye ekzosi ya moto huharibu rangi yake, na chumvi hukaukia palepale. Ziba tundu la ekzosi kwa kitambaa kilichofungwa mfuko wa plastiki, na ufunge mfuko mwingine juu ya swichi ya ufunguo.

2. Anza chini. Mwaga maji ndani ya madigadi zote mbili, kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma, chini ya injini, mguu wa stendi, na nyuma ya kibao cha namba. Kinachotakiwa ni maji mengi ya polepole, si ya kasi. Ukitumia mashine ya presha, kaa nusu mita mbali na usielekeze kwenye haba (kitovu cha gurudumu), shingo ya usukani, cheni wala soketi za waya. Maji ya presha hupita sili (mipira ya kuzuia maji) na kupeleka chumvi ndani ya beringi, ambako hakuna brashi itakayoifuata.

3. Osha kwa sponji na maji ya shampuu kuanzia tangi kushuka chini. Magurudumu yawe na sponji yake, kwa sababu mchanga wake utakwaruza tangi. Tumia mswaki pale spoku zinapoingia kwenye rimu, na kati ya mapezi ya silinda. Fungua kiti uoshe trei ya betri kwa kitambaa chenye maji, si kwa kumwagia.

4. Suuza kwa maji safi, lita 10 kwa uchache, juu hadi chini. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, hasa maji yakiwa ya kununua. Bora upunguze sabuni kuliko kupunguza maji haya.

5. Kausha. Futa kwa kitambaa, toa mifuko na kitambaa cha ekzosi, kisha endesha dakika 10 ukikanyaga breki mara kadhaa. Kama kuna kompresa jirani, puliza kwenye soketi, chini ya tangi na ndani ya swichi za usukani. Usiioshe jioni ukailaza mbichi; asubuhi au adhuhuri ndiyo saa yake.

6. Safisha cheni na uipe oili. Weka stendi kubwa, zima injini, ng'oa ufunguo. Sugua cheni kwa brashi na mafuta ya taa, futa, acha ikauke. Usitumie petroli. Vuta oili namba 90 kwenye bomba la sindano, dondosha tone moja kila upande wa kila kiungo, ukipitia upande wa ndani wa cheni inayopita chini, huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Mililita 8 hadi 10 zinatosha cheni nzima. Subiri nusu saa, futa iliyozidi. Cheni inayodondosha oili inakusanya mchanga, na mchanga na oili pamoja ni msasa.

   Onyo: usizungushe gurudumu kwa injini huku umeshika kitambaa. Spoketi hukata vidole, na ajali hii haiishi kujirudia.

   Mwisho pima ulegevu katikati ya cheni ya chini: kwa pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 20 hadi 30, ila kibandiko cha pikipiki yako ndicho kinachofuatwa. Pima mahali palipokaza zaidi, kwa maana cheni ya zamani haikazi sawasawa pande zote.

7. Paka kinga. Tangi, madigadi na sehemu za kromu zipate nta; paka nyembamba, acha ififie, futa. Kromu ina vitundu vidogo visivyoonekana, chumvi hupenya humo na kuotesha kutu chini yake, ndipo inapobanduka kama ganda. Spoku zipitie moja moja kwa kitambaa chenye oili kidogo, na tone moja kwenye kila nati ya spoku. Bolti zilizo wazi, miguu ya stendi na springi zake zipate utando wa grisi ya boti, mwembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Shokapu za mbele: futa bomba linalong'aa kila siku na ulipake oili safi kidogo kwa kidole. Kutu ikitoboa hapo, sili itachanika na oili ya shokapu itamwagika.

   Onyo: nta, grisi wala oili visiguse diski ya breki, ngoma, viatu vya breki, matairi, vikanyagio vya mpira na ekzosi.

8. Umeme. Toa waya hasi wa betri kwanza, kisha chanya. Futa unga mweupe au wa kijani kwa kitambaa cha maji ya moto, kausha, sugua kwa msasa 400, funga (chanya kwanza safari hii), ndipo upake mafuta ya mgando juu. Kisha tafuta waya wa ardhi unaofungwa kwenye fremu au injini. Ufungue, sugua sehemu zote mbili kwa msasa 240 hadi zing'ae, kaza, paka grisi juu yake. Matatizo mengi ya taa na honi pwani huanzia kwenye bolti hii moja. Soketi nyingine zichomoe moja moja na uzipake grisi ya silikoni kidogo.

9. Kebo za klachi, mafuta na breki ya mbele. Fungua juu, shikiza kifuko kidogo cha plastiki kama faneli, mwaga mililita 3 hivi za oili nyepesi, acha ishuke hadi itokeze chini. Ikitoka nyekundu ya kutu, rudia mpaka itoke safi, au nunua kebo mpya kabla haijakatikia barabarani.

10. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kusi, fungua vyuma vilivyojificha. Bolti ndefu ya mkono wa gurudumu la nyuma, ekseli zote mbili, beringi za shingo ya usukani, pini ya kanyagio la breki na kamu za breki za ngoma, yaani vyuma vinavyosukuma viatu vya breki. Hii ni kazi ya siku moja kwa fundi, nayo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Chuma cha bolti kikikutana na aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe unaobana kama saruji. Bolti ya mkono wa nyuma iliyokaa miaka mitatu bila grisi mara nyingi hutolewa kwa msumeno. Safisha, paka grisi ya boti mwili mzima wa bolti, rudisha. Kwenye kamu ya breki weka kidogo sana, ya kuhimili joto, ukubwa wa punje ya mchele. Ikizidi itafika kwenye viatu. Kumbuka pia kuwa nyuzi zenye grisi hukaza upesi kuliko kavu, kwa hiyo usivute spana kwa nguvu zako zote.

11. Rimu kwa ndani. Ukipata pancha, tairi likishatolewa mwambie fundi asubiri. Tazama upande wa ndani wa rimu: kutu yenye magamba hula tyubu polepole, na mtu hubaki akilaumu misumari. Sugua, futa, paka praima na rangi, acha ikauke usiku mzima, weka utepe mpya wa rimu. Kama huwezi kuiacha siku nzima, angalau sugua na ubadilishe utepe.

12. Kutu iliyokwisha kuanza. Kwenye rangi: sugua kwa msasa 240 hadi chuma kiwe cheupe chote, lainisha kingo kwa 400, futa kwa thina, piga praima siku hiyohiyo, kisha rangi mipako miwili. Chuma kilichosuguliwa kikalala usiku mmoja bila praima karibu na bahari kitaamka na rangi ya chungwa. Kwenye kromu: kunja karatasi ya foili ya jikoni, ichovye maji safi, sugua taratibu, futa, paka nta. Usitumie stilwuli ya kusugulia masufuria. Vipande vyake hubaki kwenye vitundu na vyenyewe hushika kutu kesho yake. Ekzosi hupigwa rangi ya kuhimili joto la digrii 600, na nyingi hazikomai mpaka zipashwe moto kama kopo linavyoelekeza.

Ratiba

Anayelala mita mia chache kutoka ufukweni, au anayevuka kila siku kwa kivuko kama cha Likoni au Kigamboni: hatua ya 1 hadi 5 mara moja kwa wiki, mara mbili kipindi cha kusi. Cheni kila kilomita 500 au baada ya kila mvua kubwa. Nta kila mwezi, umeme na kebo kila miezi mitatu.

Anayebeba samaki ana ratiba yake. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, nayo hudondokea keria, cheni, rimu ya nyuma na ekzosi asubuhi nzima. Kreti lenye matundu liwekee beseni chini yake, na mpira mdogo wa kutolea maji pembeni, mbali na gurudumu. Ukishateremsha mzigo, mwaga lita 5 za maji safi nyuma palepale sokoni. Ukisubiri kufika nyumbani joto la ekzosi litakuwa limeshakausha chumvi.

Na anayekatiza ufukweni maji yakitoka aelewe kuwa ule mchanga mgumu umelowa maji ya bahari. Akifika aoshe siku hiyohiyo. Siku za bamvua barabara za chini hujaa maji ya bahari. Yakipita katikati ya gurudumu, tafuta njia nyingine.

Makosa yanayorudiwa

Oili chafu. Ndiyo dawa maarufu kuliko zote, na ina madhara manne: ina asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta, inakusanya mchanga, inalainisha mipira, na inadhuru ngozi ya anayeipaka. Inazuia kutu kwa muda, ndiyo, lakini lita moja ya oili mpya ya gia inafanya kazi hiyo miezi mingi bila hayo. Dizeli ni kisafishio tu. Haikai, na mipira huvimba.

Turubai la plastiki lililofunika pikipiki hadi chini. Usiku jasho huganda ndani yake na asubuhi pikipiki imelowa kuliko iliyolala nje. Tumia kitambaa kinachopumua, kiishie juu ya magurudumu.

Kuegesha barazani upande wa bahari. Paa linazuia mvua ya kusuuza, upepo wa chumvi unaingia. Ilaze upande wa nyuma ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji, si kwenye mchanga wala majani.

Kuziba kitundu kilicho chini ya ekzosi kwa kulehemu. Kitundu hicho ni cha kutolea maji yanayotokana na kuungua kwa petroli. Ukikiziba, ekzosi itaoza kutoka ndani, hasa kama safari zako ni fupi na haipati joto la kutosha.

Ikiwa kuna tatizo

Bolti haifunguki. Usivunje kichwa chake. Sugua kutu ya juu, puliza oili ya kulegeza, gonga kichwa kwa nyundo mara kumi hivi, acha usiku kucha, rudia. Kesho jaribu kwanza kuikaza kidogo kabisa, kisha fungua. Ikikataa, fundi apashe moto sehemu ya aluminiamu inayoizunguka, mbali na tangi na kabureta.

Breki ya ngoma inanata asubuhi. Kamu imekauka au viatu vimeshikana na kutu ya ngoma. Fungua, suuza unga kwa maji (usipulize kwa mdomo), sugua ngoma kwa msasa, rudi hatua ya 10. Diski kuwa na rangi ya chungwa baada ya kuoshwa ni kawaida. Inatoka kwa breki mbili tatu.

Taa zinafifia, honi inakatika. Anza na waya wa ardhi, kisha soketi nyuma ya taa, ndipo uwaze betri. Waya ukiwa mgumu na ndani yake umekuwa mweusi au kijani, kata mpaka ufike shaba inayong'aa.

Cheni ina viungo vigumu visivyokunja. Loweka kwenye mafuta ya taa saa moja, kunjakunja kwa mkono, tia oili. Vikibaki vigumu, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja.

Injini inakosakosa, kabureta ina unga wa kahawia. Ni kutu ya ndani ya tangi. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta utoe uchafu, badilisha chujio, na chunguza kama kitundu cha kutolea maji pembeni ya mfuniko wa tangi kimeziba. Pikipiki isiyotumika wiki kadhaa ilale na tangi limejaa.

Pikipiki imezama baharini. Usipige stata wala kiki. Toa betri na plagi, ioshe yote kwa maji safi mengi siku hiyohiyo, mwaga oili ya injini na petroli ya kabureta. Ukiwa umetoa plagi, piga kiki polepole mpaka maji yaishe kwenye silinda, tia mililita 10 za oili safi, piga tena mara kumi. Chujio la hewa la sponji lioshe, la karatasi tupa. Weka oili mpya ya bei nafuu, washa dakika tano, imwage. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, rudia mpaka itoke safi. Ngoma za breki na haba zifunguliwe kabla ya siku ya pili kuisha.